Pablo Fanque, Mcheza Kwao



Watoto wetu wanaosoma katika shule za Uingereza huulizwa mara kwa mara swali moja: "Ninyi mlitoka wapi?" Mtoto mweusi aliyezaliwa hapa hapa, asiyeujua mji mwingine, hukosa la kujibu. Swali hilo aghalabu huchipuka katika dhana kwamba mtu mweusi ni mgeni wa jana katika nchi hii. Mwezi huu tumeona vyema tuwasimulie habari za mtu aliyezaliwa katika mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza, mwaka 1810, akaja kuwa bwana wa sarakasi katika zama za Malkia Victoria.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa William Darby, na baba yake, John Darby, alikuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika. Zingatieni wakati wenyewe. Utumwa ulikuwa bado ni halali katika makoloni ya Uingereza. Sheria ya kuufuta ilipitishwa mwaka 1833, William akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Mtoto mweusi wa mafukara hakuwa na mengi ya kutumainia.

Alitiwa mikononi mwa William Batty, mwenye sarakasi, ili afundishwe kazi. Mwezi wa Disemba 1821, akiwa na umri wa miaka 11, alionyesha mchezo mbele ya watu wa mji wake mwenyewe. Sarakasi ya siku zile ilikuwa kwanza kabisa ni mchezo wa farasi. Aliyeianzisha London mwaka 1768 ni Philip Astley, askari wa farasi aliyekwisha acha jeshi. Yeye alitambua kwamba farasi akikimbia kwa kuzunguka duara, mwendo ule humsaidia aliyesimama mgongoni mwake asianguke. Duara la futi 42, yaani karibu meta 13, ndilo lililoshika, na hadi leo ndicho kipimo cha sarakasi nyingi duniani. Ndani ya duara kama hilo William alijifunza kusimama juu ya farasi aendaye mbio, kuruka, kutembea juu ya kamba, na lililo kubwa zaidi, kumfundisha mnyama kwa subira.

Alipokuwa kijana alijiita Pablo Fanque. Ilikuwa desturi ya wachezaji kujipa majina ya kigeni ili kuwavuta watazamaji. Lakini hapa pana jambo la kutafakari. Mwingereza mweupe akijiita kwa jina la kigeni, aliivua kanzu yake jioni na kurudi kuwa mwenyeji. William alikuwa mwenyeji kama wao, na bado jina la ugeni ndilo lililomfungulia mlango.

Mwaka 1841 alimwacha Batty, akaanza sarakasi yake mwenyewe kwa farasi wawili tu. Kwa bidii kazi ilikua, akawa na kundi zima la wachezaji, farasi na wapiga muziki. Walizunguka zaidi katika miji ya viwanda ya kaskazini, kama Rochdale, Bradford na Leeds, ambako wafanyakazi walikuja jioni kuyasahau machovu yao. Hakuna aliyepata kabla yake, miongoni mwa watu weusi wa Uingereza, kuwa mwenye sarakasi.

Alikuwa na sifa nyingine iliyowafanya watu wampende. Katika sarakasi za siku zile kulikuwa na usiku maalumu ambao mapato yake hupewa mchezaji mmoja, au hospitali, au chama cha wafanyakazi cha kusaidiana. Bima na pensheni za mchezaji hazikuwepo. Aliyevunjika mguu aliwategemea wenzake. Sisi tulio na vyama vyetu vya kuzikana na kuchangiana hapa ugenini tunalielewa jambo hili bila ya kufafanuliwa. Fanque alizitoa nyusiku nyingi za namna hiyo.

Mwaka 1847 aliingia London, akacheza katika jumba la Astley, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa Batty, yule yule bwana wake wa utotoni. Farasi wake aitwaye Beda alicheza kwa kufuata muziki, na gazeti la Illustrated London News likamsifu sana mwenyewe.

Lakini dunia haimpi mtu asali tupu. Tarehe 18 Machi 1848, sarakasi ikiwa Leeds katika jengo la mbao, watu walijaa kwa ajili ya usiku wa kumchangia mchekeshaji William Wallett. Ghafla viti vya watazamaji viliporomoka, na mamia ya watu wakaanguka pamoja navyo. Wengi walisalimika. Chini yake, mahali pa kukatia tikiti, alikuwapo Susannah, mke wa Fanque. Mbao zilimwangukia kichwani. Mumewe alikimbilia kumtoa, lakini alikuwa hana tena uhai. Alizikwa Leeds.

Fanque alioa tena mwaka huo huo, akaendelea na safari. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1850 alifilisika, kama walivyofilisika wengi wa kazi ile, kisha akainuka, akarudi barabarani. Alifariki tarehe 4 Mei 1871 mjini Stockport, katika chumba cha nyumba ya wageni. Maiti yake ilipelekwa Leeds, bendi ikitangulia, na farasi wake mpendwa akitembea katika msafara. Akazikwa kando ya Susannah.

Mwaka 1905 kasisi wa chama cha wafanya maonyesho, Thomas Horne, alimkumbuka kuwa ni ushahidi kwamba katika udugu wa wapanda farasi haikuulizwa rangi, bali ustadi. Maneno hayo yana ukweli wake, maana magazeti ya wakati ule mara nyingi yaliutaja ufundi wake pasi na kuitaja rangi. Hata hivyo, baadaye alisahauliwa. Jina lake liliibuka tena mwaka 1967, pale John Lennon wa kundi la Beatles alipotunga wimbo kutokana na tangazo la zamani la sarakasi ya Fanque ya Rochdale, mwaka 1843. Mamilioni waliusikia wimbo huo, na wengi wao hawakujua kwamba mwenye jina alikuwa mtu mweusi wa Norwich.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. William Darby alicheza kwao, akatuzwa kwa jina la mgeni. Na mji wake ulimwekea kibao cha kumbukumbu mwaka 2010 tu, miaka 200 tangu azaliwe. Kaburi lake lipo St George's Field, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Leeds. Walio karibu na wawapeleke watoto wao. Na mtoto atakapoulizwa tena ametoka wapi, na aseme bila ya haya mji aliozaliwa, kwa jina lile lile aliloitwa na wazazi wake.