Mfalme aliyetembezwa hadi nyumbani kwa adui

Jumamosi iliyopita kijana wangu wa miaka 12 alirudi kutoka kwenye ligi ya klabu za shule akapita moja kwa moja chumbani. Alikuwa amefungwa, na klabu yao ikapoteza mechi kwa sababu ya meza yake. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni simu ya mwalimu: mtoto alikusanya kete akaondoka bila kumpa mwenzake mkono.

“Alibahatisha tu, mama,” akaniambia nilipomfuata.

Sikumgombeza. Baada ya chakula nilitandika ubao wa sataranji, au chesi kama wao wanavyoiita, nikamwambia tuupitie mchezo mmoja wa klabu uliochezwa London tarehe 29 Oktoba 1912.

Mwenye kete nyeupe alikuwa Edward Lasker, injinia Mjerumani wa miaka 26, mgeni mjini asiyejua Kiingereza. Mwenye nyeusi alikuwa George Thomas, mmoja wa wachezaji wakali wa klabu ile, mtu aliyekulia katika nyumba ya sataranji. Mama yake, Edith Thomas, alikuwa ameshinda mashindano ya wanawake mjini Hastings mwaka 1895.

Hatua tisa za mwanzo ni za kawaida. Ya kumi Lasker alimleta malkia h5, mbele ya ngome ya mfalme mweusi. Tishio lake lilikuwa wazi: farasi amle askofu wa f6, askari wa g akilipiza, malkia anamla askari wa h7 na mfalme amekwisha. Thomas akaliona. Akamweka malkia wake e7, ili njia ikifunguka malkia huyo ailinde h7 kutoka mbali. Mwanangu alitikisa kichwa kukubali. “Hata mimi ningecheza hivyo.”

Ndipo Lasker akamtoa malkia wake. Alimla askari wa h7, na mfalme mweusi hakuwa na la kufanya ila kumla malkia. Msomaji usiyecheza, fikiria mtu anayegawa silaha yake kubwa kuliko zote mwanzoni mwa vita.

Hatua iliyofuata farasi mweupe alimla askofu wa f6, na kwa kuondoka alipokuwa akamfungulia njia askofu mweupe aliyejipanga nyuma yake. Mfalme akawa anapigwa na wawili kwa mpigo. Huwezi kuwala wote wawili, wala kuwazuia wote wawili. Lazima ukimbie. Akirudi kona ya h8, farasi wa pili anaruka g6 na mchezo umekwisha hapohapo. Basi akatoka nje, h6.

Tangu hapo kila mara palikuwa na mlango mmoja tu. Farasi akamsukuma hadi g5. Askari wa pembeni akamsukuma f4, askari mwingine f3, askofu g2, ngome g1. Hesabu mwenyewe: tangu alipomla malkia mfalme amepiga hatua saba, ameuvuka ubao mzima, na sasa amesimama kwenye mstari wa nyuma wa adui, jeshi lake lote likiwa limebaki upande wa pili. Kisha Lasker akasogeza mfalme wake hatua moja pembeni, e1 hadi d2. Ngome iliyokuwa imelala kona ya a1 tangu mwanzo ikaona njia nyeupe hadi g1. Hatua ya 18, mwisho.

Wachambuzi walionyesha baadaye kuwa palikuwa na njia fupi zaidi. Mimi sijali. Hii ndiyo nzuri.

Lakini sikumtandikia mwanangu ubao kwa ajili ya malkia wa Lasker. Thomas, aliyekuwa ametembezwa kama mbuzi wa mnada mbele ya watu wa klabu yake, alimpa mgeni mkono na kusema neno. Lasker hakulielewa, ikabidi mtazamaji mmoja amtafsirie: mwenzake alikuwa amesema mchezo ulikuwa mzuri sana. Lasker alisimulia miaka mingi baadaye kwamba neno lile lilimgusa, kwani kwao Ujerumani alizoea kuambiwa amebahatisha.

Hapo mwanangu aliangalia chini.

Thomas hakuharibikiwa na kipigo kile. Alikuwa bingwa wa Uingereza wa sataranji mwaka 1923 na tena 1934, na katika mpira wa vinyoya alitwaa ubingwa wa All England miaka minne mfululizo, 1920 hadi 1923. Kombe la Thomas linaloshindaniwa na timu za wanaume duniani ni la jina lake. Lasker alihamia Marekani, na kina mama mtapenda kujua kwamba huko alibuni pampu ya kukamulia maziwa ya mama, iliyosaidia watoto njiti.

Saa nne usiku nilimkuta kijana bado yuko ubaoni, amekaa upande wa Thomas. Aliniuliza kwa nini Lasker alisogeza mfalme mwishoni badala ya kumkinga kwa ngome upande wa malkia, maana hata hivyo mfalme mweusi angekufa. Niliangalia vizuri. Kweli, angekufa. Nikamwambia alale, kesho ampigie simu yule mwenzake wa Jumamosi amuulize yeye.