Malori ya Tindikali: Chombo Huonya, Mtu Ndiye Huamua



Barabara iunganishayo Kolwezi, Likasi na Lubumbashi ndiyo njia ya shaba na kobalti yetu. Ndiyo pia njia ya tindikali ya salfa inayotumika migodini kuyatenga madini hayo na mawe. Humo humo hupita mabasi, pikipiki na watoto waendao shuleni. Mwezi Februari 2019, mkoani Lualaba, lori lililobeba tindikali liligongana na magari mengine. Watu wasiopungua 18 walipoteza maisha.

Leo kampuni nyingi za migodi hufunga ndani ya malori kifaa cha kufuatilia mwendo. Kifaa hicho hupokea ishara za setilaiti, hukokotoa mahali lori lilipo na kasi yake, kisha hupeleka habari ofisini kwa mtandao wa simu. Huandika pia breki za ghafla na saa ambazo dereva amekaa usukanini. Vipo vyenye kamera inayotazama macho ya dereva na kulia king'ora anaposinzia. Faida yake ni dhahiri: lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde tatu ni mita 66 bila dereva.

Hata hivyo, chombo hakikanyagi breki kwa niaba ya mtu. Pasipo na mtandao, habari hufika ofisini baadaye, pengine ajali imekwisha kutokea. Na ofisi inayosoma maonyo bila kumpumzisha dereva aliyechoka haijamlinda yeyote. Kwa hiyo twawasihi wenye malori: pangeni safari kwa saa za binadamu, wala msimlipe dereva kwa wingi wa safari.

Nanyi wakazi wa kando ya barabara, lori la tangi likipinduka, msikimbilie kutazama wala kuchota kinachomwagika. Simameni mbali, upande upepo utokako, mkawaite polisi. Aliyerukiwa na tindikali avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, kisha apelekwe hospitali. Lakini msimwagie maji dimbwi la tindikali, kwani huchemka na kuruka.

Usalama wa barabara hii ni kazi yetu sote.