Ndevu zataka mafuta, hazitaki jina la chupa

Hapa kwetu Mwambao ndevu ni heshima ya mtu mzima, na tena ni sunna ambayo mtoto wa chuoni huisikia kabla kidevu chake hakijaota hata unywele mmoja. Ndiyo sababu mambo niyaonayo madukani siku hizi yamenifanya nishike kalamu. Ndevu zimepata mafuta yao, sabuni yao, nta yao, brashi yao, na hata dawa ya kuziotesha. Kijana akitoka dukani na vyote hivyo, mfuko umekwisha kulia, ilhali ndevu zenyewe pengine hazijatimia upana wa kidole.

Swali langu ni moja. Je, vitu hivi vina lazima, ama twauziwa cha nyumbani kwetu kwa jina geni?

Tutazame kwanza ndevu zenyewe. Unywele wa ndevu ni mnene na mgumu kuliko wa kichwani. Chini yake pana ngozi, na ndani ya ngozi mna vijifuko vitoavyo mafuta ya asili. Ndevu zikiwa fupi, mafuta hayo huzitosha. Zikirefuka, hayafiki nchani. Nywele hukauka, na ngozi huanza kuwasha. Sabuni ya kufulia nayo huyaondoa mafuta hayo kwa mara moja. Hapa Mombasa pana jambo jingine: maji ya visima vingi yana chumvi. Povu halitoki vyema, na nywele zikikauka huwa ngumu kama usumba.

Kwa hivyo haja ya mafuta ni haja ya kweli. Mwenye kusema kwamba ndevu ndefu hazitaki kitu ila maji, ndevu zake mwenyewe zitamsuta. Suala ni mafuta gani.

Majuzi nilipita katika duka moja la vipodozi nikaomba nionyeshwe. Kijana muuzaji akanipa kichupa cha mililita 30. "Haya, ami, ndiyo mafuta maalumu ya ndevu. Si ya kichwa."

Nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Palikuwa na mafuta ya lozi, ya nazi, ya argan na ya jojoba, kisha manukato. Nikamwuliza, "Mwanangu, haya ya nazi yaliyomo humu yatofautianaje na yale ya Marikiti?"

Akacheka. "Haya yana chupa nzuri, ami."

Kijana mkweli, Mungu amzidishie riziki.

Hata hivyo tusiyadharau yaliyo mageni. Argan hutoka Moroko, ambako wanawake huzivunja kokwa zake ngumu kwa mawe, moja moja, kazi ya kutwa. Bei yake ina sababu. Jojoba ni kichaka cha jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mafuta yake kwa hakika ni nta isiyoganda, nayo haichachi upesi. Ni vitu vyema, lakini si miujiza, na nazi si duni mbele yao.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Bara Hindi, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini katika nywele. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza waziwazi upotevu wa protini, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Ni kweli kwamba watu hao walikuwa wa kampuni iuzayo mafuta ya nazi, na walipima nywele za kichwa wala si ndevu. Basi tuyachukue maneno yao kwa kipimo. Lakini hayapingani na yale ambayo mabibi zetu waliyajua kwa macho. Wao walikuna nazi, wakakamua tui, wakalipika hadi mafuta yakaelea, na mzee akitoka kuoga alijipaka kidogo, akachana ndevu kwa kitana, akatia tone la atari, akenda zake msikitini. Aliyetaka mengine alikuwa na mafuta ya simsim au ya habasoda. Yote hayo yalikuwa mafuta ya ndevu, ila hakuna aliyeyaita hivyo.

Wala kuzitunza ndevu si uzungu. Mapokezi ya Mtume (s.a.w.) kujipaka mafuta na kuchana yamo katika Shamail ya Imamu Tirmidhi, na mlango wa kuchana nywele una nafasi yake mbali. Lakini liko jambo moja ambalo matangazo ya vitu hivi hayaligusi, nalo ni udhu. Sisi wa madhehebu ya Shafi twafundishwa kwamba mwenye ndevu chache, ambazo ngozi yaonekana chini yake, sharti maji yafike ngozini. Mwenye ndevu nyingi humtosha kuosha juu. Katika josho la janaba maji hayana budi kufika mashinani, ndevu ziwe nyingi ama chache. Mafuta mepesi hayazuii maji. Ile nta ya kulazia ndevu, ikiganda, hufanya utando. Anayeipaka na aiondoe kwanza kabla hajatawadha. Na aliye katika ihramu ajue kwamba kwa Mashafi hapaki mafuta ndevuni, hata yasiyonukia. Yaliyobaki, kama spiriti ndani ya manukato, aulizwe sheikh, si muuza duka.

Hadi hapa hasara ni ya pesa. Yapo mawili ambayo hasara yake yaweza kuwa ya mwili.

La kwanza ni dawa ya kuotesha ndevu iitwayo minoxidil. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Waliokimeza wakaota nywele mahali wasipotarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu maji yake yapakwe vichwani mwa wanaume wenye upara. Kwa ndevu haikuidhinishwa. Sisemi ni uongo mtupu, maana jaribio la Thailand lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba yaweza kuzidisha ndevu. Lakini yaweza pia kuwasha ngozi, kuleta kizunguzungu na kuupeleka moyo mbio. Kwa paka ni sumu; akilamba kidogo tu shavuni au kwenye mto wa kulalia, yaweza kumuua. Na ni nyumba gani ya Mji wa Kale au ya Lamu isiyopitiwa na paka?

Vijana wangu, ndevu ni nasaba na homoni. Aliye na miaka 18 na kidevu kitupu, wengi wa aina yake hujazia baada ya 20. Na asiyejazia kabisa hakupungukiwa na uanaume.

La pili ni rangi nyeusi, ile tuiitayo piko. Ndani yake huwamo kemikali iitwayo PPD, na ambaye ngozi yake haipatani nayo huvimba uso akatoka malengelenge. Usoni si mahali pa kubahatisha. Aidha, wanavyuoni wengi wa Kishafi waliikataza rangi nyeusi tangu zamani. Mzee anayekerwa na mvi ana hina. Hina safi hutoa rangi ya wekundu; ukiuziwa hina itoayo weusi, jua imetiwa kitu.

Ama mahali pa kutoa pesa bila kusitasita papo. Kwanza ni kwa kinyozi. Wembe uwe mpya mbele ya macho yako, na mashine isafishwe kwa dawa, kwani wembe uliomkata mwingine waweza kupitisha homa ya ini na virusi vya ukimwi. Pili ni kwa daktari wa ngozi. Ndevu zenye mba mzito na wekundu chini yake, au mabaka yanayonyonyoka, hazitapona kwa manukato. Na wale ambao hutoka vipele kila wakinyoa, aghalabu nywele zao hujikunja zikarudi ndani ya ngozi. Kwao kuacha kunyoa karibu na ngozi ni tiba kuliko chupa yoyote.

Basi hesabu yangu ni hii. Sabuni laini mara mbili au tatu kwa wiki, na kopo la maji matamu la kumalizia kama kisima ni cha chumvi. Matone matatu au manne ya mafuta ndevu zikiwa bado na unyevu, maana mafuta hayaleti maji bali huyazuia yasitoke. Yasuguliwe hadi ngozini. Kitana. Mkasi wa kupunguza masharubu. Ambaye nazi humletea chunusi, na wapo, ajaribu simsim au lozi.

Mwenye uwezo akikipenda kichupa kwa harufu yake, na ajinunulie, si dhambi. Lakini kijana aliye na ujira mdogo asione haya kwa sababu rafu yake haina majina ya ng'ambo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wahenga wetu walikwisha sema, usiache mbachao kwa msala upitao. Minazi ya Kwale na Kilifi ingalipo, mafuta yangali yakikamuliwa, na anayeyanunua huko huwa amempa riziki jirani yake.