Somo la usalama wa kompyuta lisisahau sheria

WANAFUNZI wa vyuo vikuu wanaosomea usalama wa habari hufunzwa kulinda mambo matatu: usiri wa data, usahihi wake na kupatikana kwake inapohitajika. Sharti pia wajue mambo hayo huvurugwa vipi, na hapo ndipo penye hatari.

Mnamo Novemba 2, 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachilia kwenye intaneti programu iliyobahatisha maneno ya siri na kujinakili yenyewe. Ilijinakili kupita kiasi, ikakwamisha maelfu ya kompyuta. Alipatikana na hatia mwaka wa 1990.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika kompyuta bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au zote mbili. Basi majaribio yafanyiwe maabarani, kwenye kompyuta zilizotengwa na mtandao wa chuo.