Mashine Ipo, Sponji za Nini?



Katika kikao cha kupitia bajeti, mjumbe mmoja wa kamati ya parokia alituuliza swali la haki kabisa: "Mashine ya eksirei tumeshanunua. Hizi fedha za sponji, mifuko ya mchanga na kisanduku cha mbao ni za nini?" Siku ile tulijibu harakaharaka, tena si vizuri. Tunajaribu tena hapa.

Picha ya eksirei ni kivuli. Ukishika jembe mbele ya taa, kivuli chake ukutani huweza kuwa kipana kama jembe lenyewe au chembamba kama ufito, kutegemea umeligeuza vipi. Mfupa nao ni hivyo hivyo. Ufa unaoelekea ubavuni huweza kufichika kabisa katika picha ya mbele, hata kama mashine ni mpya. Ndiyo maana mfupa hupigwa angalau picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, na baadhi ya viungo huhitaji mkao wao maalumu.

Tuanze na mtu aliyeanguka kwenye pikipiki akajikinga kwa kiganja. Anasikia maumivu kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hapo pana mfupa mdogo uitwao skafoidi, mkubwa kidogo tu kuliko korosho. Katika picha ya kawaida huonekana umejikunja, na ufa hujificha. Mpiga picha hulaza kiganja bapa juu ya kaseti, kisha huupeleka mkono taratibu upande wa kidole kidogo mpaka mfupa uonekane kwa urefu wake. Inauma, tunajua, na ndugu wa mgonjwa hulalamika. Lakini damu ya mfupa huu huingia zaidi kwa upande wa vidole. Ukikatika katikati, kipande cha upande wa pili huweza kukosa damu na kufa, na mkulima akabaki na mkono usioweza kushika jembe. Hata mkao ukiwa sahihi, siku za kwanza ufa huweza usionekane. Daktari akiwa na shaka humfunga mgonjwa hogo na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Wanaolipia matibabu ya wasiojiweza wasishangae kuona picha ya pili kwenye hesabu.

Kwa watoto tuna mkao wa chura. Mtoto wa miaka 12 au 13 anachechemea na kusema goti linauma. Goti linapigwa picha, ni zima, anarudishwa nyumbani. Kumbe tatizo liko kwenye nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kuteleza pale mfupa unapokulia, na maumivu yake husikika gotini. Picha ya mbele huweza isioneshe mteleko mdogo. Basi mtoto hulazwa chali, magoti yakakunjwa na kuachwa yaangukie nje, nyayo zikikutana. Ila mtoto ambaye hawezi kabisa kukanyagia mguu huo halazimishwi kukaa hivyo, kwa sababu mteleko huweza kuongezeka. Kwake tunapiga picha ya ubavuni bila kuusogeza mguu mbaya. Mashine haitamwambia mtu jambo hilo. Ni lazima awe amefundishwa. Ndiyo sababu mafunzo nayo yamo kwenye bajeti ileile.

Bega lililoteguka kwa nyuma, ambalo mara nyingi hufuata kifafa au kupigwa na umeme, nalo hudanganya: kwa mbele huonekana karibu zima.

Wazee wenye magoti mabovu tunawapiga picha wakiwa wamesimama. Akilala, nafasi kati ya mifupa huonekana nzuri. Akisimama, uzito hubana na ulaji wa gegedu hudhihirika. Kwa kuwa kichwa cha mashine yetu hakishuki mpaka karibu na sakafu, mzee hupanda juu ya kisanduku. Ndicho hicho kisanduku cha mbao.

Sponji hutegemeza kiungo katika pembe inayotakiwa, nayo mionzi huipita bila kuacha kivuli cha kusumbua. Mchanga huacha kivuli, kwa hiyo mifuko yake hukaa pembeni, ikizuia mkono au mguu usitikisike. Kiungo kikitikisika picha huwa ukungu, na kurudia ni gharama nyingine na mionzi mingine kwa mgonjwa.

Kisanduku anaweza kukitengeneza seremala wa parokia, vipimo tunavyo. Kiwe na ngazi mbili na mahali pa kushika, maana wazee huogopa kuanguka. Mifuko ishonwe kwa kitambaa kigumu, mchanga ukaushwe vizuri, na juu iwe na plastiki ya kufutika. Sponji tu ndizo tunaomba zinunuliwe. Na mgonjwa mnayemleta aje na picha zake za zamani, hata zile alizoambiwa hazina kitu.