Msomaji wa Ziwani na Riwaya Iliyosifiwa

Mwaka 2019 Marlon James, Mjamaika aliyekuwa ameshatwaa Tuzo ya Booker mwaka 2015, alitoa riwaya ya Black Leopard, Red Wolf. Sifa zilikitangulia kitabu. Kiliitwa Game of Thrones ya Kiafrika, kauli ambayo mwandishi mwenyewe aliitoa kwa mzaha, kisha wauzaji wakaishika kwa dhati. Msomaji wa Milimani, Kisumu, aliyekinunua kwa ahadi hiyo akakiacha njiani hana haja ya kujilaumu, wala kitabu hakina hatia. Aliahidiwa falme na vita vya kugombea kiti cha enzi. Akamkuta Tracker, mfungwa anayemsimulia mhoji wake habari za kumsaka mtoto aliyepotea, kwa masimulizi yanayopindana ambayo msimulizi mwenyewe hayadhamini. James alikusudia kuiyumbisha imani ya msomaji, na alifaulu. Kosa ni la waliokitangaza kama kitabu cha aina nyingine.

Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, nayo ndiyo inayonishughulisha. Katika ngano za pwani hii ya Ziwa Victoria, muujiza haukosi chanzo wala mahali. Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, husimuliwa kuwa kijiji kilichozama kwa kumnyima hifadhi bibi kizee. Mvuvi Nyamgondho alifadhiliwa na mwanamke aliyetoka ziwani, akatajirika; alipomtukana, mifugo yote ilimfuata mwanamke huyo majini. Shujaa Luanda Magere wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe, nguvu zake zikakaa katika kivuli chake, na siri hiyo ikavujishwa na mke aliyetoka kwa maadui. Kila ajabu hapa ni deni linalolipwa. Aliyelelewa na masimulizi hayo akiingia katika riwaya ambamo maajabu yanasongamana pasipo kudaiana, huchoka, na uchovu wake ni uamuzi wa kifasihi kama uamuzi wa mhakiki yeyote.

Msomaji huyo angefaa kupewa vitabu vya mwandishi Mkenya Grace Ogot. Katika The Promised Land ya mwaka 1966, Ochola na mkewe Nyapol wanahamia Tanganyika kutafuta neema. Jirani mwenye wivu anamroga, na ngozi ya Ochola inaota miiba. Uchawi ni mmoja tu, lakini unaibeba riwaya nzima kwa sababu umefungamana na tamaa ya ardhi na hofu ya ugenini. Mkusanyiko wake Land Without Thunder, wa mwaka 1968, una hadithi ya Oganda, binti wa mtemi anayetolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Zimwi halionekani kamwe, na kutisha kwake kunazidi kwa hilo.

Yupo atakayesema kwamba huku ni kujifungia nyumbani, na kwamba msomaji hukua kwa kusoma asivyovizoea. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kigezo changu kingekuwa asili ya mwandishi. Sivyo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili, na riwaya yake Nagona ya mwaka 1990 inamsumbua msomaji hata kuliko James: wakati umevunjika, na safari haina ramani. Kwa upande mwingine, Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, inazunguka mabara lakini humshika mkono msomaji, kwani msako wa mhusika aitwaye P.P. una lengo, na hasira dhidi ya utandawazi iko wazi. Ujirani haupunguzi ugumu. Swali la kumuuliza msomaji kabla ya kumpa kitabu ni kama anataka ajabu inayojieleza au inayomwacha gizani, na jibu lake hubadilika kwa umri na hata kwa msimu.

Kwa hiyo aliyevunjwa moyo aanze na hadithi ya Oganda, inayosomeka jioni moja. Akishaona jinsi zimwi lisiloonekana linavyotenda kazi, na akatamani giza zaidi, ajaribu Nagona, kitabu chembamba. Atajua mapema, kabla ya kutumia wiki nzima, kama fumbo la namna hiyo linampendeza.