Kutoka Bunia Mpaka Entebbe

Tukitazama ramani twaona kwamba uwanja wa ndege wa Bunia na ule wa Entebbe, nchini Uganda, hutengana kwa kilomita 300 hivi tu. Ziwa Albert limelala katikati. Kwa gari hatuna budi kulizunguka, ama kaskazini kupitia Mahagi, ama kusini kupitia Beni na Kasindi. Ndege hulivuka moja kwa moja, na iliyo ndogo, yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, hufika baada ya saa moja.

Lakini saa zetu za mkononi zasema mengine! Ikiruka Bunia saa 4 asubuhi, hutua Entebbe saa 6 mchana. Ikirudi, huondoka saa 4 na kufika saa 4 ile ile. Si mazingaombwe: Uganda huitangulia Ituri kwa saa 1. Kwa mwendo wa jua tofauti ni dakika 9 tu; zilizobaki ni amri ya serikali. Tiketi nayo huandika saa ya kila mahali. Basi anayempeleka mgonjwa ng'ambo, akibadili ndege Entebbe bila kusogeza mishale ya saa yake, ataikuta ile ya pili imekwisha kuruka.